Malaria Haitoboi Shati

Kila ninapoponda tangawizi kwenye kinu, kabla maji hayajachemka, pua yangu hunirudisha bandarini: tope la mto, samaki wakavu, dizeli ya matishali. Sasa nina mkahawa wangu hapa Hai Mauna, mtaani kwetu Juba, wenye meza za plastiki na feni inayozunguka ikipenda. Wateja wapya huniuliza juu ya bilauri moja iliyoko kwenye rafu juu ya mlango, yenye mstari mwekundu, imepinduliwa mdomo chini, ina vumbi la miaka. Wananijua kuwa mtu wa usafi, ninayemfukuza mtoa chapati kwa kucha chafu. Hudhani nimeisahau. Sijaisahau. Naiona kila siku nikifungua mlango na kila siku nikifunga.

Tulizaliwa Kitale, Kenya, mimi na wadogo zangu wawili. Mama alifia huko, na baba akaja kutuchukua. Mimi Rebeka nilikuwa kifungua mimba, akafuata Yohana, Marta alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Tulifika Juba tukiongea Kiswahili cha Kitale hata watoto wa jirani wakatucheka, wakisema tunaongea kama redio. Baba alikuwa sajini, dereva wa lori la jeshi. Alinuka dizeli na sabuni ya mche, na maneno yake yalikuwa machache. Alipenda kutuambia kwamba neno ni kama nyama ngumu, litafune kwanza. Mara nyingi alilitafuna mpaka akalimeza, nasi hatukulisikia kamwe.

Kisha vita vikarudi, na vijana wa mtaa wetu wakaanza kufa kwa malaria.

Mtaani kwetu msiba tunauita bika. Hutandazwa turubai mbele ya nyumba ya wafiwa, viti hupangwa, wanawake hupika nyuma, na kabla chai haijamiminwa, aliyeleta habari ya kifo husimama kueleza marehemu alikufaje. Ni desturi, na bila maneno hayo hakuna anayegusa chai. Mwaka ule kila aliyesimama alisema malaria. Kijana ametoka nyumbani na bunduki, amerudi ndani ya blanketi, na afisa anasema malaria. Akina mama waliitikia kwa kichwa, kwa sababu walikuwa na wana wengine kambini. Ndipo chai ikamiminwa.

Siku moja bika ilikuwa kwa jirani yetu wa nyuma, na aliyemleta marehemu alikuwa baba. Nilikuwa nimeshika sinia la bilauri. Baba alisimama na sare yake, akatafuna neno lake kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kukohoa.

"Mimi ndiye niliyembeba," alisema. "Alikuwa na shati hili. Mama yake alishike. Malaria haitoboi shati."

Alilikunjua. Mwanga wa jua ulipita kwenye tundu, ukaanguka kwenye vumbi, duara dogo safi kama sarafu. Baba akaendelea: "Tunaowapiga risasi tulikula nao sahani moja. Wakubwa wetu na wakubwa wao wako hotelini Thongpiny, hapa hapa mjini, na asubuhi wanasalimiana. Sitaki mtoto mwingine apande lori langu."

Mama wa marehemu hakulia. Alisema tu, "Asante, Sajini." Kisha askari mmoja kijana akasimama, akasema na yeye hataki. Halafu mwingine. Halafu mzee aliyekuwa fundi baiskeli akasema yeye hana sare lakini naye hataki. Wakacheka kidogo, hata mle msibani. Nyuma yao aliketi kapteni wa kikosi cha baba. Maofisa wote tuliwaita Jenabu, nami sitampa jina lingine. Simwogopi. Ila jina lake halitapata kiti kwenye maandishi yangu. Jenabu aliiweka bilauri yake chini bila kuinywa, akatoka.

Haikupita muda baba akapelekwa kaskazini na lori lake. Hakurudi hata ndani ya blanketi. Aliyekuja ni Jenabu. Alisimama chini ya turubai letu, na nilijua neno lake kabla hajafungua mdomo.

"Malaria," alisema.

Sisi watoto tulikuwa nyuma tukiosha vyombo. Hapo ndipo Santino, dereva mwenzake baba, alipopita kama anayetafuta maji, akainama karibu na Shangazi Tabita, dada yake baba. "Walituambia tupakie vijana wadogo, hata bunduki hawajui kushika," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sajini akazima lori. Akasema hawaendi. Jenabu hakubishana naye. Malaria gani, dada, inayoingia kwa kisogo?"

Nilikuwa na sufuria mkononi. Niliisugua mpaka masizi ya chini yakatoka, na tangu hapo sijawahi kuona sufuria safi vile.

Shule niliiacha wiki ile ile. Darasa la saba, na daftari la hesabu likabaki na hesabu ya sehemu niliyoifikisha nusu. Shangazi alihamia kwetu, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba, mimi nikachukua kazi yake ya chai bandarini. Nikawa sit shai, yaani mama chai, kabla sijaota hata kifua. Nilikuwa na jiko la makaa, birika, kopo la mdalasini, vigoda vya kamba, na sinia la bilauri. Wateja wangu walikuwa wapakuzi wa matishali, wauza samaki, na askari waliosubiri kupandishwa kwenda kaskazini. Sukari niliichukua kwa Abdi, Msomali wa Garissa aliyekuwa na duka la bati nyuma yangu, mtu mwenye mzaha hata na mifuko yake ya unga.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Nikainua uso kutoka kwa jiko, nikamwona Jenabu akiketi kwenye kigoda changu. Alikuwa amekuja kusimamia upakiaji wa askari.

"Wewe mutoto, leta chai," alisema. "Tangawizi mingi."

Hakunijua. Kule bika hakutazama nyuma, mahali watoto wanaoshea vyombo.

Hapa niwaeleze jambo moja la watu wa baba, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya. Damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, nyumba hizo hazili wala hazinywi kwa chombo kimoja, mpaka wazee wachinje na mambo yasemwe. Anayevunja mwiko huo huvimba tumbo na kufa. Nilikuwa nimeusikia tangu Kitale, kutoka kwa baba mwenyewe, nikauelewa jinsi mtoto anavyoelewa: muuaji akinywa kwa chombo chetu, muuaji anakufa. Haikunipitikia kuuliza mwiko huo unamshika nani mwingine.

Basi niliziacha bilauri zote za wateja kwenye sinia. Nikafungua mfuko wangu, nikatoa bilauri ya nyumbani niliyobeba kunywea mwenyewe, ile yenye mstari mwekundu, ambayo sisi watatu tuliinywea uji. Nikapima tangawizi vizuri. Nikakoroga. Nikampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote alizonifundisha mama.

Akanywa, akapuliza midomo, akasema, "Chai ya sawasawa."

Msinitarajie niseme nilitetemeka. Nilikaa nikimtazama koo likipanda na kushuka, na kila funda nilisindikiza kwa jina la baba.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kila alipokuja, bandarini nilimnywesha yeye kwa bilauri ile, na jioni niliirudisha nyumbani tukanywea uji. Nilimwongezea sukari ili asiache kuja. Nilisubiri tumbo livimbe, na kweli lilianza kuvimba, ila kwa afya. Uso wake uling'aa. Mkanda wake alikuwa akiulegeza.

Abdi aliona. "Rebeka, walahi, sukari yote hii ni ya nani?" aliniuliza. "Yule mzee atakufa na sukari kabla ya risasi kumfikia."

"Hata sukari ni sawa," nilimjibu. Akanitazama kwa muda, akaacha kucheka.

Kisha Marta akaugua. Alianza kwa kutetemeka juani, halafu akawaka moto mpaka macho yakawa kama ya mtu anayetazama kitu nyuma yako. Shangazi alikaa naye usiku kucha akimkanda kwa maji. Alfajiri nilikuwa nikifunga vitu vyangu vya kazi, nikitaka kumpa Shangazi angalau habari moja njema, nikamwambia: "Usijali, yule mtu naye anakwenda. Nimekuwa nikimpa chai kwa bilauri yetu."

"Mtu gani?"

Nikamweleza. Nilijivuna nikieleza, nataka mjue hivyo. Nilimweleza hata kuhusu sukari.

Shangazi alikaa chini sakafuni, yeye na miguu yake. Akaitazama bilauri. "Na jioni mnainywea uji?"

"Ndiyo."

"Marta pia?"

Nilikuwa nimeanza kuelewa.

"Rebeka, mwanangu," alisema, "mwiko huo haujui nani muuaji na nani mfiwa. Unashika pande zote mbili. Na huanza na walio wadogo."

Nilimwuliza dawa. Shangazi alimgeuza Marta ubavu, akasema polepole, kana kwamba naye alikuwa akitafuna nyama ngumu ya kaka yake: "Dawa ni moja. Muuaji ajulishwe mbele ya watu alichokinywa na kwa chombo gani. Mchana, bandarini, mbele ya askari wake. Usimtukane. Usimwite muuaji. Pindua bilauri tu, akiuliza umwambie wewe ni wa nani."

"Leo?"

"Leo. Kabla tishali halijaondoka."

Nikaenda. Njia nzima nilibeba birika kifuani kama mtoto, na sikumbuki nilipita wapi. Bandari ilikuwa imejaa. Vijana wa jeshi walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao, wengine sare zimewazidi mpaka wamekunja mikono mara mbili. Santino alikuwa hapo, amewaleta kwa lori. Tishali lilikuwa limeegeshwa, mapipa ya mafuta mbele, na ubao wa kupandia umeshawekwa. Nilimimina chai kwa kila aliyetaka. Mikono yangu ilifanya kazi bila mimi.

Jenabu akaja, akaketi. "Mutoto, chai yangu."

Nikatoa bilauri yenye mstari mwekundu. Nikaiweka kwenye sinia mbele yake. Nikaipindua mdomo chini.

Akatazama bilauri, akanitazama mimi. "Nini? Sukari naisha?"

"Sukari ipo, Jenabu."

"Basi?"

"Sisi na wewe hatunywi pamoja."

Mazungumzo yalikufa kuanzia kwenye kigoda cha karibu mpaka kule kwa wauza samaki. Wengi pale walikuwa watu wenye mwiko kama wetu, na wasio nao walikuwa wamekaa nao vya kutosha kuujua. Jenabu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Sisi nani? Wewe mutoto ya nani?"

"Mimi ni Rebeka wa Sajini Lukas," nilisema. "Dereva. Wewe ulikuja kwetu ukasema malaria. Hii bilauri ni yetu ya nyumbani. Umeinywea tangu mvua ilipoanza."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimepata mazuri yangu, lakini sijaona kitu kitamu kama uso wa mtu yule. Ulianza kupoteza rangi midomoni. Akashika tumbo, lile tumbo nililolinenepesha kwa sukari ya Abdi. Halafu akainuka, kigoda kikaanguka, akakimbia mpaka ukingoni mwa mto, na mbele ya kikosi chake kizima akaingiza vidole kooni akatapika.

Alitapika akiwa amepiga magoti kwenye tope. Chai ya siku ile alikuwa hajainywa. Alikuwa akijaribu kutoa ya mvua nzima.

Muuza samaki mmoja mzee akasema, kama anayezungumza na samaki wake: "Mtu msafi hatapiki chai ya yatima."

Ndipo Santino akapanda juu ya pipa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kigugumizi kidogo. Siku ile hakugugumiza. "Nilikuwepo," alisema. "Sajini Lukas alizima lori ili watoto kama nyinyi msipelekwe. Akapigwa risasi kisogoni na huyu anayetapika. Mimi nilinyamaza. Leo sinyamazi, na hilo lori langu mnaliona, nimelizima."

"Malaria haitoboi shati," mtu alisema. Sikujua ni nani. Kumbe maneno ya baba yalikuwa yametembea mtaa kwa mtaa wakati sisi tukidhani yamezikwa. Mwingine akayarudia, kisha wapakuzi, kisha wanawake wa samaki, kisha kijana mmoja mwenye mikono iliyokunjwa akashuka kwenye ubao wa tishali na begi lake. Wengine wakamfuata. Luteni aliyebaki na amri aliwatazama, akatazama mto, akaanza kuukagua mto kwa makini sana, kana kwamba ndiyo kazi aliyotumwa.

Jenabu aliinua uso kutoka kwenye tope, akanyoosha mkono, akaomba maji ya kusukutua. Maji nilikuwa nayo. Nilikuwa nimelijaza birika upya. Nikalifunika.

Tishali halikuondoka siku ile.

Nisiwadanganye kwamba vita viliisha hapo. Tishali liliondoka siku nyingine, likiwa na vijana wachache zaidi. Baadhi ya walioshuka walipigwa. Santino alifungwa, akatoroka, na mpaka leo anaendesha lori upande wa Arua, ng'ambo ya mpaka, na hunipigia simu sikukuu. Jenabu alihamishwa, na kama ilivyo kawaida ya nchi hii, akapanda cheo huko alikohamia. Lakini Hai Mauna haikurudi kama ilivyokuwa. Afisa akisimama katika bika na kusema malaria, alikuta mbele yake bilauri zimepinduliwa, sinia zima, na hakuna mwanamke anayemimina. Alisubiri. Wakasubiri. Wengine waliondoka wakiwa na kiu. Wengine walikaa chini na kusema ukweli.

Na Marta alipona. Kwa miaka mingi niliamini alipona kwa sababu mtu yule alitapika. Nilishakuwa mtu mzima, tumekaa na Shangazi tukichagua mawe kwenye adesi, nilipomwambia hivyo. Shangazi hakuinua macho.

"Marta alipona kwa vidonge," alisema. "Alikuwa na malaria. Ile ya kweli. Nilishampa dozi ya kwanza kabla hujafunga birika lako."

Adesi zikabaki kiganjani mwangu. "Na mwiko?"

"Mwiko upo, tena usiucheze. Lakini haukusema lolote kuhusu bandari wala askari. Hiyo niliongeza mimi." Akatupa jiwe. "Ningesema mimi, wangenichukua jioni. Santino angesema peke yake, wangemtupa mtoni. Wewe ulikataa kumimina chai tu. Kesi gani hiyo?"

"Wangeweza kunipiga risasi, Shangazi."

"Wangeweza. Ndiyo maana nilisimama nyuma ya duka la Abdi na mchi wa kinu."

Nikamfikiria pale nyuma ya mabati, na miguu yake iliyovimba, alivyofika huko sijui, ameshika mchi dhidi ya kikosi kizima. Nilicheka mpaka nikalia. Mtoto yule wa bandarini alidhani anamuua mtu kwa uji na tangawizi. Hakujua kwamba mtu yule hakuogopa kufa kama alivyoogopa ukweli wake kusikika. Na hakujua kwamba kisasi kile hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa kimepikwa nyumbani na mtu mzima, yeye akatumwa kukimimina. Sikumkasirikia Shangazi. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo, ila ningechukua panga.

Wiki iliyopita gari jeupe lilisimama mbele ya mkahawa. Kijana dereva akashuka, akavua kofia, akaketi chini ya rafu ile bila kuijua. Alikuwa ametumwa na Jenabu, ambaye sasa ana jumba Thongpiny na cheo ambacho sijakariri. Mzee hajisikii vizuri, alisema. Tumbo linamsumbua, madaktari wa Nairobi hawaoni kitu. Angependa wazee wakae, yuko tayari kutoa ng'ombe, jambo liishe. Kimya kimya, nyumbani kwake, jioni.

"Mama, anasema hata wewe umechoka na hii kitu," aliongeza kijana.

Nilimmiminia chai, maana yeye hana deni nami. Nikamwacha anywe mpaka mwisho.

"Mwambie sijachoka," nilimwambia. "Ng'ombe abaki nao. Aje yeye mwenyewe bandarini, mchana, siku vijana wanapandishwa tishali. Asimame mahali alipopigia magoti, aseme baba yangu alikufa kwa nini, kwa sauti ya kuwafikia walio nyuma kabisa."

Kijana akageuza kofia mikononi. "Na akikataa?"

Nikamwonyesha rafu.

"Basi hiyo itakaa hapo hapo," nilisema. "Nami sina haraka ya kuiosha."